Herufi Elfu Nne na Mia Tano

Barua ya chuo ilisema wanasikitika. Wanasikitika nini? Mtu mwenye masikitiko haandiki mistari minne, kisha akaitawanya hiyo hiyo kwa watu mia tisa. Huo ulikuwa mwaka wa pili nanyimwa nafasi ya kusomea udaktari wa meno, na Bi Prater, mshauri wetu wa maombi ya vyuo, aliniambia wazi kwamba nikikosa mara ya tatu nisahau.

"Alama zako zinatosha," akasema. "Kinachokuponza ni haya maelezo yako binafsi. Hebu tazama."

Alikuwa ameipaka rangi karatasi yangu. Sentensi zinazomhusu kaka yangu Darrell, njano. Zinazonihusu mimi, kijani. Karatasi karibu yote ilikuwa njano.

"Leanna, wanakupa herufi elfu nne na mia tano, nafasi tupu zikihesabiwa. Wewe umejipa mia mbili. Sasa nafasi wampe nani, marehemu?"

Nilitaka kumtukana. Huku kwetu milimani Kentucky mtu hajisifu. Ukishamsimulia ndugu yako, umejisimulia. Nilimjibu hivyo, na yeye akaitikia kwa kichwa, maana naye ni wa huku huku. Ila moyoni nilijua hiyo siyo sababu.

Darrell alikufa kwa jino. Gego la chini, upande wa kushoto. Lilitunga usaha, uvimbe ukashuka shingoni, ukamziba pumzi siku ya Jumapili baada ya chakula cha mchana, akiwa na miaka ishirini na sita. Hayo niliyaandika vizuri sana, miaka yote miwili. Nilichokuwa nakiruka ni Alhamisi yake.

Alhamisi alinipigia kazini. Mimi ndiye niliyekuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kitabu cha miadi mbele yangu. "Dada, shavu limevimba kama nimeficha yai," akasema, huku anacheka. Siku hiyo tulikuwa tumejaa, nami nilishachoka kuombwa upendeleo na kila ndugu na jirani. "We nawe kwa kulialia," nikamwambia. "Meza dawa ya maumivu, uje Jumanne." Akasema sawa, bosi.

Mama hakuijua simu hiyo. Alichojua yeye ni kwamba Ijumaa alimwekea Darrell karafuu na wiski kwenye jino, akamwambia alale, litapoa, kama alivyofanyiwa yeye na mama yake. Kwa miaka mitatu aliamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe. Alikuwa akisema hivyo kanisani, alikuwa akisema hivyo akipakua maharage. Nami namshika bega, namwambia, "Si kosa lako, Mama." Naishia hapo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikapiga moyo konde, nikafuta njano yote, nikaiandika Alhamisi. Niliandika nilivyomwambia, na uchovu ulionifanya nimwambie. Niliandika kwamba sitaki kuwa tena mtu wa kumwambia mgonjwa Jumanne bila kumtazama mdomoni. Herufi elfu nne mia nne tisini na nane. Bi Prater alisoma, akavua miwani.

"Sasa umo," akasema.

Ikabaki kutuma, na ukishatuma, maelezo hayabadilishiki. Ningeweza kutuma kimya kimya. Lakini Mama alikuwa karani wa shule miaka thelathini, na hakuna karatasi iliyowahi kutoka nyumbani kwetu bila kupita kwenye kalamu yake. Nikamwekea mezani, nikasimama kwenye sinki najifanya naosha vikombe.

Akasahihisha neno moja katika aya ya kwanza. Kisha kalamu ikasimama.

"Alikupigia?"

"Ndiyo, Mama."

"Alhamisi."

"Ndiyo."

"Mimi miaka mitatu silali kwa ajili ya karafuu zangu, na wewe umekaa hapo hapo unanishika bega."

Nilimwomba msamaha. Nililia kama mtoto, yeye hakulia. Alisoma mpaka mwisho, akaweka mkato mahali nilipousahau, akanirudishia karatasi.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Watakuchukua."

"Mama, ukisema nisiitume, siitumi."

"Hilo usinitwike. La kwanza umeshanitwika."

Niliituma jioni ile. Oktoba Mama alihamia kwa dada yake, ng'ambo ya mlima, akasema ni kwa sababu ya ngazi za nyumba yetu. Desemba chuo kikanipigia: nimepata nafasi. Mwanamke wa ofisi ya udahili akasema kamati nzima iliguswa na ujasiri wangu wa kusema ukweli. Nikasema asante, nikakata, nikapiga ng'ambo ya mlima.

Alipokea mama mkubwa. Nikamweleza, nikamsikia akimweleza Mama.

"Anasema hongera," akaniambia, sauti ameishusha. "Lakini kwenye simu hataki kuja, mwanangu."