Sakafu ya Karani wa Vibali

Asubuhi Bonge alipopandishwa cheo, kiti cha karani wa vibali vya ujenzi kilizama sakafuni, kina cha kiganja. Karani alijivutia meza akaendelea na kazi. Bonge, aliyepewa jina hilo kwa unene wake, alikuwa mwanafunzi wake. Hata kugonga muhuri alifundishwa na yeye.

Haikuwa mara ya kwanza. Kila cheo kilipompita karani, sakafu ilididimia chini yake, na sasa wananchi walipiga magoti ili kumpa makaratasi. Fundi wa idara aliitwa, akagongagonga, akasema udongo wa pale ni dhaifu. Basi udongo huo ulikuwa na macho, maana ulidhoofika chini ya watu wawili tu: yeye na mfagizi wa ukumbini, na katika jengo zima hapakuwa na mwingine wa rangi yao.

"Ni rangi yangu hii, mzee," alimwambia mkurugenzi.

"Mama, hapa hatuangalii rangi."

"Haya, Bonge akae."

Bonge akakaa, na kilo zake zote. Sakafu ikapanda taratibu mpaka ikawa sawa. Karani alipokaa tena, ikashuka. Mkurugenzi akatazama saa yake.

"Labda imekuzoea," akasema, akaagiza shimo liwekewe taa.

Karani alirudi nyumbani na hasira zake. Mumewe, mwashi, alimshauri aache kazi.

"Niache, wapumue? Thubutu!"

Akaazima patasi na nyundo za mumewe, na kila wakati wa chai akachonga vidato vya kupandia ukutani mwa shimo. Siku ya usaili wa cheo cha mkuu wa kitengo alipanda, vumbi magotini, akajibu kila swali. Walipomnyima, akakata rufaa. Walipomnyima tena, akakata tena, mpaka tume ya rufaa ikachoka ikampa cheo.

Ofisi ya mkuu iko ghorofa ya tatu, zege tupu. Mama wa watu alikaa. Zege likaguna kidogo, kiti kikazama kidole kimoja. Chini yake wahasibu waliona dari inavimba; wakasogeza vikombe vyao vya chai, wakaendelea kupiga hesabu.

Mkuu mpya akawapigia simu.

"Miguu yangu ikitokeza huko, msihangaike," akawaambia. "Sihami mie."