Giza la Pembeni

Mara ya kwanza dunia ilizimika nikiwa kwenye swala ya alasiri. Niliinua kichwa kutoka kwenye sijda na hema lote likapotea: nguzo, mkeka, mgongo wa shangazi mbele yangu. Halafu likarudi, kama mtu aliyeziba taa kwa kiganja kisha akaondoa mkono. Nikamaliza kuswali bila kujua nimesoma nini.

Mwaka ule mvua zilikuwa nzuri huku kwetu jangwani, kusini mwa mji wa Kiffa, ngamia walijaa maziwa, na Sidaty alikuwa amenichumbia. Basi nikaanza kunenepeshwa. Sikuulizwa, wala sikungoja kuulizwa. Binti mwembamba ni aibu ya baba yake. Watu husema hema lake halina maziwa. Mama alishafariki, kwa hiyo aliyekuja kunilisha ni Shangazi Toutou, dada yake baba. Alfajiri bakuli la maziwa, kisha uji wa mtama wenye siagi, kisha bakuli tena. Katikati ya mabakuli, vidonge vidogo vyeupe vya sokoni, ambavyo alivifunga fundo kwenye ncha ya shuka lake.

"Hivi vinafungua tumbo," alisema. "Sisi tulibanwa vidole vya miguu kwa vijiti. Nyinyi mmezaliwa kwenye raha."

Vijiti navyo alikuja navyo, lakini.

Kichwa kikaanza kuuma, zaidi nikilala. Ndani ya sikio nikasikia moyo wangu ukivuma, fyuu, fyuu, kana kwamba kuna mtu anapumua nje ya hema. Nikamwambia shangazi.

"Hayo ni mafuta yanapanda," alisema. "Mshukuru Mungu yamepata njia."

Kazi yangu ni kufunga mafundo madogo kwa sindano kwenye vitambaa vya kutiwa rangi. Siku moja nikatafuta mkasi, nikapapasa mkeka mzima, na kumbe upo pale pale karibu na goti langu. Nikaanza kujipima kwa siri: naziba jicho moja, nakazia macho nguzo ya hema. Kwa jicho la kushoto, pembe ya chini karibu na pua haikuwa na mkeka wala mchanga. Haikuwa nyeusi hata. Haikuwepo tu. Na kila nilipojipima, ilikuwa imekula kidogo zaidi.

Kisha nikapiga bakuli teke. Sikuliona. Maziwa yakanywewa na mchanga.

"Jeuri!" Shangazi akachukua vijiti.

"Shangazi, sikuliona, wallahi."

"Bakuli kubwa kama kichwa cha ndama, hukuliona? Basi na hili la pili utaliona kwa mguu."

Nililiona kwa mguu, vidole vimebanwa vijitini. Nikameza lote, huku nalia, na fyuu inavuma masikioni.

Kaka yangu Bowba, anayeendesha gari la mizigo kwenda mji mkuu, Nouakchott, ndiye aliyegundua. Alikuja akakaa, nikampikia chai. Nikainua birika juu kama ilivyo desturi, nikamimina kwenye mkono wake.

"We mwanamke!" aliruka. "Kama hunipendi niambie, usinichemshe kama nyama!" Alikuwa anacheka. Halafu akaacha kucheka. "Salka. Glasi iko wapi?"

Nikanyoosha kidole.

"Hapo hakuna glasi," alisema polepole.

Kesho yake alitupakia garini, mimi na shangazi, maana shangazi alikataa nisafiri bila yeye.

Daktari wa macho kule Nouakchott alikuwa mwanamke, Daktari Lalla, mwembamba kama mwiba. Shangazi aliponiona namsikiliza akaninong'oneza, "Huyu ndiye atatufundisha? Mtazame. Hata mbuzi asingemchumbia."

Daktari alinitia matone, akanimulika. Jicho la kulia, la kushoto, akarudi la kulia. Kisha akaniweka kidevu mbele ya mashine iliyochimbika kama bakuli jeupe, nibonyeze kitufe kila ninapoona nukta ya mwanga. Zikapita nyakati ndefu sikubonyeza kitu. Nilijua nukta zinapita.

Wakanipiga picha ya kichwa, haikuonyesha uvimbe. Nikadhani nimepona. Lakini wakanilaza ubavu, wakanichoma sindano mgongoni, na maji yakapanda ndani ya mrija, yakapanda, mpaka nesi akaunganisha mrija wa pili.

"Ubongo unakaa ndani ya maji," Daktari Lalla aliniambia. "Maji yako yamejaa kama kiriba kilichoachwa juani kimefungwa. Neva ya jicho, ule mshipa unaopeleka picha kichwani, inapita humo. Inabanwa. Imevimba kwenye macho yote mawili. Ikifa, sina dawa ya kuifufua."

"Nitakuwa kipofu?"

"Ukirudi kwenye mabakuli, ndiyo. Umekuwa ukimeza dawa gani?"

"Hamezi kitu," shangazi aliwahi. "Maziwa na baraka tu."

Nami nikanyoosha mkono, nikashika ncha ya shuka la shangazi. Mafundo ndiyo kazi yangu. Nililifungua lake bila kutazama. Vidonge vikamwagika mezani.

Daktari akavigeuzageuza. "Hivi vya kunenepesha navyo vinachangia kujaza hayo maji. Lakini usiviache ghafla, mwili utashtuka. Nitakupunguzia kidogo kidogo." Akanipa vingine vya kupunguza maji, akanionya kwamba vidole vitawasha. Na nipungue mwili, nirudi apime. "Kila kilo unayoacha," alisema, "unaliachia jicho lipumue."

Tulipofika nyumbani shangazi alikuwa ameshapata jibu lake. "Harusi imekaribia. Aolewe kwanza akiwa mnene. Kupungua, atapungua kwa mumewe."

"Shangazi, daktari amesema..." Bowba alianza.

"Daktari ndiye anayeoa?"

Usiku ule sijda ilinizimia macho muda mrefu kuliko siku zote. Asubuhi nikaenda kwa baba.

Kwetu binti hamwambii baba yake habari ya harusi. Jina la Sidaty sikuwahi kulitamka mahali ambapo baba angesikia. Alikuwa na glasi ya chai mkononi. Nikasimama mbele yake.

"Baba. Sitaki kunenepeshwa kwa ajili ya harusi. Napofuka. Kama Sidaty atanikataa, anikatae huku namwona."

Baba akavuta kilemba kikafunika uso mpaka machoni. Akaiweka glasi chini, chai imejaa, akatoka. Sikumwona siku nzima. Nilijua nimemvunjia heshima, na sikupata kitu.

Alfajiri iliyofuata nilisikia sauti ya shangazi nje. Alikuwa amesimama na bakuli tupu.

"Ngamia wako wapi?"

"Wamepelekwa malisho ya mbali, kaskazini," Bowba alisema.

"Na wa maziwa?"

"Wote."

"Nani amesema?"

"Baba."

"Kwa nini?"

"Kamuulize."

Hakwenda kumuuliza. Hakuna aliyemuuliza. Msimu ule wote baba, anayependa maziwa kuliko mtoto mchanga, alikunywa maji ya kisima. Mama yake Sidaty alipotuma mtu aulize kama ni kweli hema letu limeishiwa maziwa, baba alijibu, mbele za watu, "Ndiyo. Yamekwisha." Wakaahirisha harusi hadi mvua nyingine. Kama kina Sidaty watarudi, sijui.

Nimeshapungua. Fyuu imenyamaza. Daktari Lalla anasema uvimbe wa neva unashuka, lakini ile pembe iliyoliwa haitarudi, na tusubiri tuone kama iliyobaki itasimama. Kwa hiyo bado naogopa. Kila sijda, kabla sijainuka, nakaa kidogo paji la uso likiwa mchangani. Halafu nainua kichwa taratibu, naitafuta nguzo.