Ulimi wa Bi Vauquelin

Bi Ghislaine Vauquelin alisimama nje ya duka la mikate ambalo kwa miaka thelathini na nane lilikuwa la mumewe, akalisoma bango jipya dirishani, kisha akafyonya. Bango lilisema kwamba mikate ya humo ndani hukandwa kwa subira.

“Kwa subira,” alimwambia shoga yake Huguette, aliyekuwa amemshika mkono. “Mkate unakandwa kwa mikono. Subira waachie wanaopanga foleni kwa daktari wa meno.”

Ilikuwa wiki ya sherehe ya mkate, katikati ya Mei, na mji wa Valcreuse ulikuwa umepandwa na wazimu wake wa kila mwaka. Watu ambao miezi kumi na moja walikula mikate laini ya plastiki kutoka duka kubwa la kando ya barabara, sasa walitembea na mikate mirefu kwapani kama wamezaliwa nayo, wakipigana picha. Bi Ghislaine aliwadharau wote, bila upendeleo. Aliwadharau wanaoomba mkate mweupe ambao haujaiva sawasawa, eti ganda linawachoma ufizi. Aliwadharau wanaoukata kwa kisu badala ya kuumega, na wale wanaoutupa mezani chali, wasijali kuwa ni mkosi. Lakini aliyemdharau kuliko wote alikuwa Thibaud Lescure, mwenye duka.

Thibaud alikuwa ametoka Paris miaka minne nyuma, miezi michache tu baada ya mazishi ya Anselme Vauquelin, mume wa Bi Ghislaine. Kabla ya hapo alikuwa karani wa bima. Alisomea uokaji mwaka mmoja hukohuko, akaja akanunua duka, tanuri na ngazi zake, akavaa aproni ya kitani na kufuga ndevu. Mikono yake, alisema Bi Ghislaine, ilikuwa laini kama ya padri. Tena alifunga duka siku mbili kwa wiki, jambo ambalo Anselme hakulifanya hata alipougua kichomi.

Mkate wa Thibaud, Bi Ghislaine hakuwahi kuuonja. Alinunua wake mji wa jirani kila Jumamosi na kuuchoma upya wiki nzima, hata ulipokuwa mgumu kama ubao. Hakuona haja ya kuonja, kwa sababu alijua tayari: kila Jumanne kigari cheupe kisicho na maandishi kiliegeshwa nyuma ya duka, kikashusha mizigo, kikaondoka. Aliyekuwa na macho angeelewa kwamba yule karani alikuwa akiletewa vinyunga, yaani madonge ya unga uliokandwa, vilivyogandishwa kiwandani, akivitia tanurini na kuviuza kwa jina la mkate wa jadi.

“Mimi nauona mtamu,” Huguette alithubutu kusema.

“Wewe hata sponji ukipakiwa siagi utakula.”

Siku iliyofuata alitembelewa na naibu meya, Régis Bréchet, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza ambaye hakuwahi kufika popote bila kuomba kitu. Alieleza kwamba mwaka huu halmashauri imeamua kumkumbuka marehemu. Watabandika kibao cha shaba kwenye ukuta wa duka, chenye jina la Anselme na maneno “mwokaji wa kweli”. Mjane atasema machache, kisha atamega mkate wa kwanza wa sherehe mbele ya watu. Mkate wenyewe, kwa kuwa duka ni lake sasa, utakuwa wa Bwana Lescure.

Bi Ghislaine alikaribia kumwonyesha mlango. Halafu wazo likamjia, akamimina kahawa ya pili, akasema kwamba ni heshima kubwa na kwamba atakuja. Angepanda jukwaani akiwa na sanduku la kiwandani mkononi. Angeliinua juu watu walione, ndipo ataje jina la mumewe.

Asubuhi ya sherehe, saa nne, Thibaud alikuwa uwanjani mbele ya kanisa akipanga meza. Bi Ghislaine alizunguka nyuma ya duka, akatoa ufunguo ambao hakuwahi kuurudisha, akaingia.

Alifungua chumba cha baridi kwanza. Hakuona sanduku lolote. Aliona vinyunga vimelazwa kwenye vitambaa vya kitani, kimoja kimoja, vimejaa mapovu chini ya ngozi kama vitu vinavyopumua. Aliona magunia ya unga yenye jina la mwenye kinu mmoja wa huko bondeni, kwa hiyo kigari cha Jumanne kilikuwa kikileta unga tu. Kulikuwa na daftari lililoandikwa joto la maji na hali ya hewa ya kila siku, kwa mwandiko mdogo wa mtu mwenye wasiwasi. Na juu ya vyote kulikuwa na harufu ya chachu, kali kidogo, kama matufaha yaliyoanza kugeuka. Ilimsimamisha. Ilikuwa ndiyo harufu ya miaka yake ya kwanza ya ndoa, na alipojiuliza ni lini ilipotea humu ndani, hakuweza kukumbuka.

Hakukubali kushindwa haraka hivyo. Akasema moyoni kwamba masanduku lazima yako darini. Akapanda ngazi ambayo Anselme alimkataza kuipanda katika miaka ya mwisho, akidai mbao zimeoza.

Mbao zilikuwa nzima. Huko juu, nyuma ya sufuria kuukuu, palikuwa na ndoo nyeupe za plastiki zilizopangwa vizuri, kila moja ikiwa na lebo ya kiwanda, na juu ya lebo tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Alizitambua tarakimu. Anselme alikuwa na tabia ya kuandika tarehe juu ya kila alichokifungua, hata chupa ya haradali. Akafunua ndoo moja. Ndani mlikuwa na poda, laini, isiyo na harufu kabisa.

“Shuka taratibu, Bi Vauquelin. Ngazi hiyo inateleza.”

Thibaud alikuwa amesimama chini. Hakumuuliza alivyoingia.

“Hii ni nini?” alimuuliza.

“Nadhani unajua.”

“Nimekuuliza wewe.”

“Ni poda ya kuumua mkate upesi na kuufanya mweupe. Ukiwa nayo huhitaji kulaza kinyunga usiku kucha. Nilizikuta siku niliyohamia. Nilidhani unazijua, nikaona hayanihusu.”

“Kwa nini hukuzitupa?”

“Wazoa taka wa hapa wote walikuwa wateja wenu. Wangeusoma mwandiko.”

“Na subira yako yote hiyo, ukashindwa kukwangua lebo?”

“Sikuliwazia,” alisema Thibaud, na hilo Bi Ghislaine aliliamini, kwa kuwa lilikuwa jibu la mtu wa ofisini.

Alikaa kwenye ngazi, ndoo mapajani. Tarehe ya zamani kuliko zote ilikuwa ya vuli ile ambayo Anselme alipasuliwa mgongo. Tangu hapo hadi kufa kwake ni miaka tisa. Miaka tisa yeye alisimama nyuma ya kaunta, kidevu juu, akiwaambia wageni: unga, maji, chumvi, chachu, basi. Akakumbuka jinsi ndani ya mkate palivyozidi kuwa peupe, na jinsi ulivyokauka kabla ya jioni. Akakumbuka wateja waliomsifia kwamba siku hizi mkate wake ni laini, hauumizi meno, na yeye akafurahi. Mumewe hakumkasirisha sana. Mgongo ule aliupaka dawa kwa mikono yake mwenyewe, alijua ulivyokuwa. Aliyemkasirisha ni huyu Ghislaine aliyejivunia ulimi wake mji mzima, akalishwa poda miaka tisa akisema asante.

“Ukitaka niwaambie unaumwa, nitawaambia,” alisema Thibaud.

“Siumwi. Nipishe.”

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Kibao kilikuwa kimewekwa mezani, kimefunikwa kwa kitambaa cha rangi za bendera, na Bréchet alikuwa akihutubia juu ya roho ya taifa, ambayo kwa maelezo yake ilikuwa na urefu wa sentimita sitini na ganda la dhahabu. Bi Ghislaine alipandishwa jukwaani, akapewa mkate. Aliugeuza akatazama chini yake. Ulikuwa umeokwa juu ya jiwe, si kwenye wavu unaoacha alama za nukta kama wa kiwandani. Akauminya karibu na sikio, ganda likalia. Akamega ncha.

Ndani palikuwa na rangi ya malai ya maziwa, matundu makubwa kwa madogo yasiyo na mpango wowote. Akatia mdomoni. Ganda lilikuwa chungu kidogo mahali lilipoungua, kisha ikaja ladha ya nafaka, kisha ule uchachu mdogo nyuma ya ulimi. Alitafuna polepole. Alitamani sana uwe mbaya. Chumvi ilikuwa imepungua, hilo alilishika kwa mikono miwili, lakini zaidi ya hapo hakupata kitu. Ulikuwa mkate ambao Anselme aliuoka akiwa na miaka thelathini, na ambao tangu vuli ile hakuwahi kuuoka tena.

“Umeonaje, mama?” Bréchet alimsogezea kipaza sauti, akitabasamu kwa ajili ya mpiga picha.

Bi Ghislaine aliwatazama wote waliokuwa chini. Alimwona mwenye duka la nyama, ambaye kila siku aliomba mkate mweupe. Akamwona mwalimu mstaafu aliyewahi kumwandikia Anselme shairi. Akamwona Huguette, mdomo umejaa tayari.

“Mkate huu ni mzuri,” alisema. “Hamstahili. Kule darini kuna ndoo za poda ya kiwandani. Ni za mume wangu. Mgongo ulipomshinda alianza kuitumia, na kwa miaka tisa mkala, mkasifu, mkaandika mashairi. Mimi nikala pamoja nanyi, basi msidhani najitoa. Huyu karani wa bima amewaletea mkate wa kweli, nyinyi mnamwambia ganda ni gumu. Mnasherehekea nini hapa? Hamwezi kutofautisha mkate na pamba. Kibao chenu kinasema mwokaji wa kweli. Alikuwa hivyo, mpaka vuli ile. Hilo nalo liandikeni, kama shaba inatosha.”

Bréchet alikichukua kipaza sauti, akasema kwamba mjane amezidiwa na huzuni, na bendi ikaamriwa kupiga. Kitambaa hakikufunuliwa. Bi Ghislaine alishuka mwenyewe, mkate kwapani.

Thibaud alimfuata hadi kona ya kanisa. Alikuwa amepauka, na kwa mara ya kwanza tangu afike mjini alionekana mwenye hasira.

“Nani alikuomba?” alimuuliza. “Nimeishi na ndoo zile miaka minne kimya. Leo umemzika mara ya pili, na sepetu umeniachia mimi.”

“Nilikusifu.”

“Ulinitumia kuwapigia.”

Bi Ghislaine alijua kwamba ilikuwa kweli. Akamwambia tu kwamba chumvi imepungua, akaenda zake.

Mambo yalikwenda kama Thibaud alivyohofia. Mwenye duka la nyama alisema kwamba bibi kizee amerukwa na akili, na nusu ya mji ikakubaliana naye kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kukubali kwamba hawana ulimi wa kuonja. Wengine waliapa hawatakanyaga tena kwa yule mgeni aliyemchafua marehemu, ingawa mgeni hakufungua mdomo. Kwa kumheshimu mwokaji wa kweli wakarudi kwenye mikate ya plastiki ya duka kubwa. Binti yake Bi Ghislaine, Maryvonne, aliyekuwa akiishi Nantes, hakupiga simu wiki tatu. Alipopiga, alimuuliza mama yake kama sasa ameridhika. Bi Ghislaine alisema hapana, na ndiyo ilikuwa kweli. Usiku ule, peke yake, alilia kwa ajili ya Anselme aliyepanda ngazi ile na mgongo wake mbovu, kwa siri, kila wiki, badala ya kumwambia mkewe kwamba amechoka. Alijua kwa nini hakumwambia. Alimwogopa ulimi.

Mwezi Juni kulikuwa na siku ambazo Thibaud alibakiwa na nusu ya mikate. Bi Ghislaine alianza kwenda kununua. Alikuja kila asubuhi, akaomba ulioiva kuliko yote, akalipa bila kusalimu zaidi ya inavyopasa. Wiki ya pili akamwambia kwamba vitambaa vya kulazia vinyunga vinahitaji unga zaidi. Wiki ya tatu alikuta watu wanne wanangoja huku Thibaud akiwa ameshikwa na kazi ya tanurini, hakuna wa kuwahudumia. Akapita nyuma ya kaunta, akatundika koti lake na kumuuliza wa kwanza anataka nini.

Hakuna aliyemwajiri na hakuna aliyemfukuza. Ikawa anakuja siku tano, duka likifunguliwa. Kufikia Septemba watu walikuwa wanarudi, mmoja mmoja, wakijifanya wamepita tu. Mwenye duka la nyama alirudi pia. Akaomba, kwa sauti ya chini, mkate mmoja usioiva sana. Bi Ghislaine akamchagulia wa kahawia uliowaka mgongoni, akauzungushia karatasi, akamsukumia.

“Sikuomba huo,” alisema yule bwana.

“Najua ulichoomba. Una meno thelathini na mawili, yatafutie kazi.”

Alipoondoka nao, Thibaud alitoka nyuma, unga hadi kwenye viwiko, akamwomba, tafadhali sana, awe na adabu kwa wateja.

“Nilikuwa na adabu kwao miaka thelathini na nane,” alisema Bi Ghislaine, akipangusa kaunta. “Umeona ilikotufikisha. Nani anafuata?”