Mlezi wa Mchana

"Msimfungulie mtu yeyote!" Mama Pacha aliwaambia wanawe, kisha akakaza kufuli kwa nje na kuutia ufunguo kifuani.

"Watamfungulia kwa nini, kwa meno?" Fundi Porojo alimtania kutoka dirishani mwake, pini zimejaa mdomoni.

"Shikamoo, baba. Leo usinidanganyie sana wanangu."

"Marahaba. Leo nawapa kweli tupu. Ya yule mbuzi aliyekuwa karani."

Mama Pacha akacheka huku anakimbia. Alikuwa akifua mashuka hospitalini, na huko anayechelewa hukuta zamu yake keshapewa mwingine.

Porojo alikuwa fundi cherehani, mjane, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Aliwahi kuwaapia wateja kwamba alimshonea jitu suruali, na mvua iliponyesha askari watatu walijibanza mfukoni mwake na farasi wao. Hakuna aliyemwamini, wala hakuna aliyeondoka kabla hajamaliza. Lakini wasikilizaji wake wa kweli walikuwa mapacha wa chumba cha pili, Mkubwa na Mdogo, waliopishana kuzaliwa kwa pumzi moja tu. Hawajaanza hata shule. Baba yao alikwenda kutafuta kazi, na pengine anaitafuta mpaka leo. Kati ya vyumba palikuwa na ukuta wa mbao. Mzee akishona na kusimulia, watoto walibandika masikio kwenye ufa.

"Halafu, babu?"

Mzee alishajaribu kukaa nao chumbani kwake. Siku ya kwanza tu Mdogo alishika pasi ya mkaa, kiganja kikababuka. Macho ya mzee tundu la sindano yalilipata kwa kubahatisha; watoto wawili wanaokimbia yangewashika wapi? Tangu hapo, kufuli.

Siku hiyo, mbuzi hajafika hata ofisini, Porojo akanusa mafuta ya taa.

"Nyie! Mnafanya nini?"

"Tunampikia mama chai," Mkubwa akajibu. "Mafuta yamemwagika. Mdogo ameshika kibiriti."

Mzee akaondoa mguu kwenye cherehani. Akajilazimisha kusema kwa upole, "Kileteni hapo kwenye ufa. Mbuzi hasemi neno mpaka nikione."

Kisha kibiriti kikapenya chini ya ubao, upande mmoja umelowa mafuta. Porojo akakitia mfukoni.

Kila asubuhi redio ilikuwa ikihubiri: familia iliyoelemewa isingoje maji yazidi unga, ifike ofisi ya ustawi wa jamii isaidiwe mapema. Basi akamwomba muuza mkaa wa ng'ambo ya njia atupie jicho mlango ule, akavaa koti lake la harusi za watu, akaenda.

Bwana Ustawi alikuwa kijana wa tai fupi. Alisikiliza habari ya kufuli na kibiriti huku anakunywa soda.

"Mama anawapiga?"

"Awapige kwa lipi?"

"Wanakula?"

"Wanakula. Shida ni mchana, hakuna wa kukaa nao. Hamwezi kumtafutia mtu? Hata nusu siku."

"Mzee wangu, hatuna fungu la kumlipa mtu akakae na watoto nyumbani kwao. Sisi tunashughulika na watoto walio hatarini. Hawa bado."

"Bado nini? Mpaka waungue?"

"Anayefuata!"

Hapo ndipo Porojo alipofanya jambo alilolijua maisha yake yote: msikilizaji akipiga miayo, mtilie chumvi. Akashika meza kwa mikono miwili.

"Sijamaliza, bwana. Hawajala tangu siku nyingi. Wanavuta nyuzi zangu kwenye ufa wanazitafuna. Na huyo mama haonekani; akionekana, pombe imemsahaulisha hata jina lake."

Bwana Ustawi akaweka soda chini. Mzee akafurahi rohoni. Alidhani ameufungua mlango wa ghala la msaada. Kumbe ghala lenyewe lilikuwa na kitu kimoja tu, gari.

Walikuja na askari na mkasi wa chuma, kufuli likaanguka. Watoto wakatoka pekupeku, wananuka mafuta.

"Babu, na wewe unakuja?" Mdogo akauliza.

Porojo akamng'ang'ania Bwana Ustawi mkono. "Ngoja, mwanangu. Yale ya nyuzi niliyatia chumvi. Na ile pombe pia. Mama yao yuko kazini, hospitalini pale, mwiteni!"

"Ndivyo mlivyo wazee. Mkiona gari mnamwogopa jirani."

"Naapa nilidanganya!"

Kijana akamgeukia muuza mkaa. "Wewe, huyu mzee ni mwongo?"

Muuza mkaa akamwona askari, akaona fundi anavyong'ang'ana, akadhani wanataka kumfunga mzee. Jirani ni jirani. Akajipiga kifua.

"Fundi wetu? Huyu hajawahi kusema uongo tangu azaliwe!"

Gari likaondoka.

Jioni Mama Pacha alirudi, vidole vimekunjamana kwa sabuni, nusu mkate kwapani. Alimkuta Porojo amekaa kizingitini pa chumba cha mapacha, mlango wazi. Mzee alimweleza yote, ya kibiriti na ya nyuzi, bila kuongeza neno. Alitamani apigiwe kelele, apigwe hata kofi. Hakupigwa.

"Habari ya mafuta ungeniambia mimi, baba."

"Ungefanya nini?"

Akafikiri. "Ningeacha kazi."

"Halafu?"

"Halafu wangekuja kuwachukua kwa ajili ya njaa."

Ng'ambo, muuza mkaa alikuwa akifunga magunia yake bila kuwatazama.

"Huko walikopelekwa," mama akauliza, "mchana anakaa nao nani?"

"Niliuliza. Yupo mama mlezi. Anawapikia, anawaogesha, anakaa nao mpaka walale."

"Anajitolea?"

"Hapana. Ameajiriwa. Anayemlipa ni ofisi ileile."

Mama Pacha akakaa kando yake, mkate mapajani.

"Kumbe yupo," akasema.