Msimu wa Kumwita Taalai

Miaka sita Burulcha alikuwa akimchagulia mwanawe msimu wa kuja nyumbani, na miaka sita msimu wenyewe haukupatikana. Wala si kwamba mwana hakuuliza. Kila akipiga simu kutoka Moscow, mkewe Alfia, binti wa Kitatari aliyezaliwa na kukulia huko huko mjini, alisikika nyuma yake akisema, "Muulize mama, tukija msimu gani ndio vizuri?" Basi Burulcha, ambaye maishani mwake hakuwahi kuombwa ushauri na mtu wa mjini, kichwa kilimvimba.

Machipuko? Thubutu! Machipuko hapa kijijini kwetu At-Bashy ni matope mpaka magotini. Theluji inayeyuka na kuacha samadi ya miezi mitano imetandazwa uani, na kondoo wamekonda hivi kwamba ukimchinja mmoja hupati mafuta hata ya kupaka midomo. Mkwe aje mara ya kwanza alishwe mifupa? Majirani wangekuwa na la kusimulia mpaka mwaka wa pili. Majira ya baridi ndiyo kabisa, barabara ya mlimani inafungwa na choo kiko nje. Majani yakipukutika kondoo wamenona, sawa, lakini wakati huo nyumba nzima iko shambani kuchimba viazi, hakuna hata wa kumchemshia mgeni chai. Kiangazi basi! Nyasi zimeota, farasi wanakamuliwa, kumisi, yale maziwa ya farasi yaliyochachushwa, inatoa povu, milima yote imevaa kijani. Ila kiangazi Taalai alikuwa hapati ruhusa kwenye ghala analolinda, maana wenzake wote walitaka likizo hiyo hiyo.

"Mwakani basi," Burulcha alikuwa akisema. "Ngojeni nyasi ziote, mwanangu. Mkeo aione nchi ikiwa na uso wake."

Kiburi hicho, jamani! Nchi ina uso mmoja tu, nao una matope, lakini kamwambie Burulcha.

Mumewe, mzee Kydyrma, hakuwa akisema lolote. Simu ikilia, alichukua kofia yake akatoka kwenda kuangalia farasi. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho haondoki. Nyumba ni yake, wazazi ni wake, na moto wa jikoni ni wake kuulinda. Taalai alikuwa wa mwisho na wa kwanza, hakuwa na kaka wala mdogo. Siku alipofunga begi lake, mzee alisema, "Haya, basi nyumba hii haina mtoto," akaingia ndani. Tangu hapo hakuishika simu. Kijana naye hakuomba aitiwe baba. Walikuwa vichwa vigumu wote wawili, na Burulcha katikati yao akizungumza habari za nyasi.

Baridi ile ya mwisho mzee akaanza kukohoa. Akakohoa mpaka mashavu yakaingia ndani. Machi walimpeleka hospitali ya wilaya, wakampiga picha ya kifua, kisha daktari akamvuta Burulcha pembeni akamwambia amrudishe nyumbani, ampe anachotaka kula. Mzee hakuuliza daktari amesema nini. Siku chache baadaye, akiwa amelala juu ya magodoro karibu na jiko, akasema bila kumtazama mkewe:

"Mama Taalai. Mwite mtoto."

Burulcha alikaribia kudondosha birika. Miaka sita alikuwa akilisubiri neno hilo, na lilipokuja, unajua alijibu nini? Alichungulia dirishani, akaona ng'ombe amesimama kwenye tope linalomfika tumboni, akasema:

"Sasa hivi, baba Taalai? Aprili hii? Si tungoje kidogo, nyasi ziote..."

"Hizo nyasi nitaziona kwa upande wa mizizi," mzee alisema. "Mwite. Nataka nimwone nikiwa na macho."

Maneno hayo yalimchoma. Alitoka uani palipo na mtandao, akasimama juu ya gogo, akapiga.

"Taalai, mwanangu. Baba yako anaumwa kidogo. Njoo."



"Anaumwa kidogo?" Taalai aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kidogo tu. Lakini njoo."

"Nije sasa? Mwezi huu?"

"Sasa hivi, mwanangu. Usingoje."

Simu ikakatika. Burulcha akadhani ni mtandao, akarudi ndani akimshukuru Mungu, akamwambia mzee, "Anakuja." Masikini, hakujua amefanya nini. Alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya asahau jambo ambalo hata mjinga wa kijijini anajua. Kwetu kifo hakitangazwi kwenye simu. Mtu akifa, nduguye aliye mbali huambiwa, "Fulani anaumwa kidogo, njoo," na ukweli huja kumfikia hapa hapa, ameketi, wazee wamemshika mabega. Huyo anayepigiwa naye haulizi zaidi, kwa adabu. Anaelewa. Sasa fikiria mama ambaye miaka sita anasema usije, ngoja, matope, kondoo wamekonda, halafu ghafla katikati ya tope lenyewe anasema njoo usingoje. Wewe ungeelewa nini?

Taalai alielewa hivyo hivyo. Akamwacha Alfia, akapanda ndege, na alipofika mji mkuu, Bishkek, akampigia Tokon, binamu wa baba yake aliyekaa mji wa Naryn. "Ami, nasikia baba anaumwa kidogo," alisema, akaanza kulia. Tokon naye, mtu wa mdomo mkubwa na moyo mkubwa, hakumpigia Burulcha kuuliza. Nani anauliza? Alikusanya wanaume, akatafuta magari mawili na kondoo mmoja, wakamchukua kijana njiani.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi, mvua ya theluji ikinyesha. Burulcha alikuwa akimnywesha mzee chai ya maziwa kwa kijiko. Akasikia kilio cha wanaume kutoka barabarani, kile cha msiba, cha kukimbia huku unalia, kinachokuja kikiongezeka.

"Ya Mungu, nani tena?" alisema. "Jana tu jirani yetu mama Sabyr alikuwa mzima."

Kisha akaitambua sauti iliyotangulia zingine. Kijiko kikamponyoka.

"Baba yangu wee! Baba yangu wee!" Taalai alikuwa akilia, akiteleza matopeni, ameinama, mshipi wa msiba umefungwa kiunoni juu ya koti la mjini. Hema la msiba halikuwepo uani, lakini mtu mwenye machozi machoni anaangalia kama hema lipo? Alidhani wameshamzika. "Baba yangu, mlima niliouegemea! Nilikuacha peke yako na mifugo, baba! Nilitaka kurudi, niliona haya! Kila siku nilitaka kurudi, baba yangu, nikaona haya! Sikukuomba radhi!"

Burulcha aliruka kuelekea mlangoni.

"Kaa," mzee alisema.

"Ni Taalai! Ah, nimefanya nini mimi, anadhani wewe..."

"Najua anadhani nini. Kaa chini, mwanamke. Usifungue." Alijiinua kwa kiwiko, mkono mwingine umeshika ndevu, sikio limeelekea dirishani. "Mwache amalize."

Na Burulcha akakaa. Akakaa pale sakafuni na kiganja mdomoni, nje mtoto wake akilia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia hata alipokuwa mchanga, akimwambia baba yake kila kitu ambacho hakuwa amemwambia. Kwamba ghala lina baridi. Kwamba amemfundisha binti yake mdogo, ambaye mzee hajamwona, jina la babu yake. Kwamba kila akimwona mzee mwenye kofia ya manyoya huko kwenye treni humfuata mpaka mlangoni. Mzee alisikiliza yote macho yamefumbwa, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu, wala hakuyafuta.

Tokon ndiye aliyeusukuma mlango. Aliingia akilia kwa nguvu zake zote, akamwona marehemu ameegemea mto na bakuli la chai mapajani, akatoa mlio mmoja ambao kijiji kizima bado kinauiga.

"Kydyrma! Shetani we! Si umekufa?"

"Bado," alisema mzee. "Funga mlango, baridi."

Wanaume wakajaa mlangoni, wengine wakaanza kucheka kwa woga, mmoja akafungua mshipi wake haraka haraka kama aliyekamatwa na nguo za watu. Taalai alisimama katikati yao. Uso wake ulikuwa umevimba, kamasi zimemtoka, tope mpaka mapajani. Alimtazama baba yake, halafu aibu ikampanda kutoka shingoni ikamfika masikioni, na kwa kuwa hakujua pa kuipeleka, akamgeukia mama yake.

"Mama! Ni nini hiki umenifanyia?"

"Nilikwambia anaumwa kidogo!"

"Nani huambiwa anaumwa kidogo?"

"Lakini kweli anaumwa!" Burulcha alisema, naye akaanza kulia.

Mzee alikohoa, akajifuta uso kwa mkono wa shati kana kwamba ni jasho. Wote wakamgeukia. Miaka sita, jamani.

"Umefika," alimwambia mwanawe. "Barabara ikoje?"

Taalai akatazama viatu vyake.

"Matope," alisema.

Ndiyo hayo tu! Wakakaa, wakanywa chai, wakamchinja yule kondoo wa Tokon, na wanaume wakapiga hadithi za mizimu mpaka wakachoka. Siku zilizofuata Taalai alipasua kuni zote, akaziba paa la zizi, akafanya kila kazi isiyohitaji mtu kukaa karibu na baba yake. Mzee alimtazama kupitia dirisha. Burulcha alimwomba mumewe, akimkanda miguu na kumbembeleza.

"Mwambie tu kwamba ulisikia. Neno moja, baba Taalai."

"Alikuwa akimwambia marehemu. Hakuniambia mimi."

"Basi nitamwambia mimi."

"Ole wako! Ataona haya mpaka kufa. Anadhani nilikuwa nimelala mpaka mlango ulipofunguliwa, mwache adhani hivyo. Akitaka kuniambia mimi, mimi niko hapa."

Na Taalai naye, mama alipomsukuma kwenye zizi, alisema, "Nikamwambie nini, mama? Nimeshajiaibisha mbele ya kijiji kizima. Ananiona mpumbavu." Kisha wakubwa wake wa ghala wakapiga simu, wakatukana, akaondoka. Mlangoni alimshika baba yake mkono kwa mikono yake yote miwili, kama inavyotakiwa. Mzee akasema, "Nenda salama." Gari likaondoka likirusha tope mpaka ukutani.

Kydyrma alikufa Juni. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, milima imesafishwa na mvua, majike ya farasi yanakamuliwa, na watalii wa Kizungu wanapita barabarani na baiskeli wakipiga picha kila kitu. Msimu mzuri kuliko yote, msimu wenyewe! Hema la manyoya likasimamishwa uani, mzee akalazwa ndani upande wa wanaume nyuma ya pazia, na wanawake wakaketi wameelekea ukutani wakiomboleza kwa zamu. Wanaume wakasimama nje na fimbo zao.

"Mpigie mtoto," Burulcha alimwambia Tokon, kwani si kazi ya mjane.

"Mimi? Tena?" Tokon alitoa macho. "Shemeji, nikimwambia mtu yule baba yake anaumwa kidogo, atanitukana ukoo mzima. Piga wewe."

Basi akapiga, amesimama juu ya lile gogo, kitambaa cheusi kichwani.

"Taalai, mwanangu. Baba yako anaumwa kidogo. Njoo."

Taalai alicheka, wala hakucheka kwa ubaya.

"Aa, mama. Hata Aprili aliumwa kidogo. Mpe supu ya mguu wa kondoo. Ruhusa yangu ya dharura niliimaliza kwa kulia bure. Tunakuja Agosti wote, safari hii ghala limekubali, na Alfia ameshaomba likizo. Si ulisema mwenyewe kiangazi ndicho kizuri?"

Burulcha alitafuta namna ya kulisema neno la kifo. Hakuna mjane aliyewahi kulisema kwenye simu, naye hakujua linaanzia wapi. Akainua simu juu, akaielekeza kwenye hema. Wanawake walikuwa wamefika sehemu ya maombolezo ya kumtaja marehemu kwa jina la ujana wake. Kisha akairudisha sikioni.

"Mama," Taalai alisema. "Nikipata ndege ya jioni, nitawahi?"

"Hutawahi. Kaburi liko tayari, wanangoja sala ya adhuhuri."

"Amekufa tumenuniana." Sauti ilikuwa inakatika. "Sikumwambia kitu, mama. Nilikaa wiki nzima nikipasua kuni."

"Ulimwambia," Burulcha alisema. "Ile siku ya matope. Hakuwa amelala. Alisikia yote, tangu barabarani. Mimi nilitaka kufungua mlango, akanikataza. Alisema nikuache umalize."

Taalai alilia, na mama akamngoja, akiwatazama wanaume waliokuwa wanaanza kujipanga.

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza kijana. "Kwa nini hakuniambia kwamba amesikia?"

"Na wewe," alisema mama yake, "kwa nini ulingoja afe ndipo umwambie?"

Halafu akakata simu, maana walikuwa wanamtoa mzee hemani.