Saga ya Hodge Hill

"Mama Tevin, siku hizi kwako mnavuta nini?"

Wambui, jirani yangu na mwenzangu kanisani, aliniuliza hivyo juu ya ua huku akicheka na kuanika nguo. Nikamwambia harufu hiyo ni ya saga, yaani mgagani, mboga ya kwetu Kisii. Imechanua kwenye banda la plastiki na joto la Julai, kiangazi cha huku ng'ambo, limeiamsha. Akasema, "Aha." Jumamosi iliyofuata Mchungaji Cleopas akapiga hodi.

Hakutaka chai. Alisimama jikoni akinusanusa, akatazama dirishani na kuyaona majani, vidole vitano vitano kama ya bangi kabisa.

"Mama, watu wanasema," alianza. "Na wewe ndiwe kiongozi wa maombi ya akina mama. Kesho aongoze Angeline. Hiyo mimea ing'oe leo, yaishe kimyakimya."

Angeline, mtoto wa dada yangu anayesoma kemia chuo kikuu, alikuwa akimenya kitunguu saumu.

"Mimi siongozi, Mchungaji. Na hiyo ni harufu ya salfa. Hata bangi ina vichembe vya salfa, vidogo sana, vinaruka hewani na pua inavikamata kutoka mbali. Saumu hii ina ndugu zao. Saga nayo ina salfa yake. Sasa tuitiwe polisi kwa ajili ya saumu?"

"Binti, sikuja darasani."

"Basi karibu mezani," nikamwambia.

Nikachuma tawi nikamwekea mbele. Lilinuka, sikatai. Marehemu mume wangu alikuwa anafungua madirisha yote nikianza kuchambua. Kisha nikafunua sufuria ya saga iliyolala na maziwa, nikampakulia kidogo. Akaonja, akaitazama sahani.

"Hii si ile ya harambee?"

"Ndiyo hiyo. Uliongeza sahani mara mbili, ukaibariki mikono yangu."

Alilelewa Nairobi. Saga aliijua ikiwa imeiva tu, na kwa hilo sikumlaumu.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini watu hawataelewa, mama. Ing'oe tu, tuwe na amani."

Hapo ndipo nilipofungua dirisha la upande wa Wambui, harufu itoke na maneno yatoke.

"Mchungaji, wiki niliyomzika mume wangu nilisimama nikaomba. Nikiing'oa leo nimekiri bangi mbele za Mungu na ni uongo. Siing'oi. Kesho nitasimama na akina mama kama kawaida. Ukitaka kuniondoa, niondoe palepale wakisikia, na uwaambie nimekosa nini."

"Unanijaribu, mama."

"Nakuuliza. Utawaambia nini?"

Huko uani Wambui alikuwa akisikiliza, shuka mkononi. Angeline aliacha kumenya.

Mchungaji aliweka kijiko chini, akachukua kofia yake, akatoka.