Hajambo, Yuko Kahama

Usingizi unamkuta Sikudhani saa saba mchana, ameketi kwenye mkeka uani mwa kota za reli, ungo wa mchele mapajani, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa stoo. Hakupanga kulala. Anachagua chuya na vijiwe, anatupa pembeni, na anajitahidi asivute pumzi kwa pua, maana humo ndani ya stoo mna ndoo, ndoo hiyo haijamwagwa tangu juzi, na udi anaouchoma kila asubuhi kudanganya pua za majirani umekwisha. Harufu inapenya chini ya mlango, inakuja kumkalia kooni. Anaona kinyaa, na anachukia kuona kinyaa, kwa sababu aliyemo humo si mnyama, ni Hamduni, mdogo wake wa tumbo moja, fundi redio, ambaye mwaka jana alianza kusikia redio zilizozimwa zikimtaja jina. Miezi mitano sasa kufuli liko nje, na ufunguo uko shingoni mwa dada, umefungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Mtaani wanajua Hamduni yuko Kahama, machimboni. Na leo ni siku ya tatu Hamduni hali. Sahani inaingia na wali, inatoka na wali.

Asubuhi hii hii kapita Bi Leokadia, mhudumu wa afya wa mtaa, fulana yake ya bluu mwilini na daftari kwapani, nyumba kwa nyumba. Kasema pale zahanati kila Jumatano kuna nesi wa magonjwa ya akili, anasikiliza, dawa zipo, na mgonjwa asiyeweza kutoka mniambie mimi, nesi tutamleta nyumbani. Kisha kauliza anavyouliza kila mlango: Humu hamjambo? Na Sikudhani, ufunguo ukimwasha kifuani, kajibu kama alivyofundishwa tangu hajaota meno: Hatujambo. Na mdogo wako? Hajambo, yuko Kahama. Bi Leokadia kaandika, kaenda zake.

Sasa kope zinashuka, chuya zinakuwa nyingi kuliko mchele, na mlango alioegemea unafungukia ndani. Anaanguka chali. Anainuka akiwa stoo, lakini stoo haina ukuta wa nyuma. Pale penye godoro la Hamduni imeanzia barabara ya vumbi jeupe, inakwenda mpaka macho yanachoka, na kwenye vumbi kuna nyayo za miguu mitupu, za Hamduni, anazijua, kidole gumba cha kulia kimepinda. Anajua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba barabara hii haina maji, na asiyekula siku tatu hatafika mbali. Anakimbia. Barabara inajikunja, inapanda, inarudi ilikotoka, na kila inaporudi harufu ya ndoo inakuwa imetangulia kufika. Kwenye kona ambayo ameipita mara nne amekaa mwanamke mwenye kanga begani, na kanga ina maandishi yaliyofutika, na juu ya kanga pana kichwa, na kichwani hamna uso, pameparazwa tu kama sufuria iliyosuguliwa. Mama, shikamoo, anasema Sikudhani, hujamwona kijana anapita hapa? Mwanamke haitikii marahaba. Anasema: Kitendawili. Sikudhani anajibu bila kutaka: Tega. Namzika kila siku, na kila siku ananiomba maji. Sikudhani anahisi jibu likimpanda kooni pamoja na ile harufu, analimeza. Sijui, mama. Nipe mji, basi. Nakupa Tanga. Siutaki. Nakupa Dodoma. Siutaki, huo umejaa. Nakupa Kahama. Eee, anasema mwanamke, na pale pasipo mdomo panacheka, huo ndio nilioungojea. Nimekwenda Kahama, nimefika, nimetazama, sikumwona mtu wako. Twende ukajionee.

Na mara wamefika, na Kahama hii ni mtaa wake mwenyewe uliogeuzwa kama kwenye kioo: kota za reli ziko kushoto badala ya kulia, bango la duka limeandikwa UBIRAK, jirani yake mama Zuhura anafagia takataka kuziingiza ndani. Kila mtu ana leso puani. Wanamsogelea, wanauliza kwa sauti za kubanwa: Na mdogo wako? Hajambo, anasema Sikudhani, yuko Kahama. Hapa ndipo Kahama, mwanangu, anasema mama Zuhura, na mtaa mzima unacheka, wanacheka mpaka mate yanawatoka, mate yanamrukia mashavuni, ya uvuguvugu, naye anajifuta kwa upindo wa kanga akisema moyoni, washenzi hawa, washenzi wakubwa. Mbele kidogo watu wamemzunguka mwanamume anayezungumza na nguzo ya umeme, wamempandishia simu, wanamrekodi, mmoja anamtupia ganda la ndizi ili acheze. Sikudhani anapenya, anautazama uso wa yule mtu, siye Hamduni, na anashusha pumzi kwa kufurahi kwamba siye, kisha ile furaha nayo inamtia kichefuchefu. Nyuma ya banda kuna mtaalamu mwenye hirizi mpaka vifundoni, wagonjwa wamefungwa kamba kwenye mwembe uliokauka, anawatemea tambuu machoni mmoja mmoja. Mlete wako, anasema akitafuna, mashetani yake nayajua kwa majina. Meno yake ni mekundu na kati ya meno pamenasa unyoya wa kuku. Tangu lini, anafikiri Sikudhani, mtu akatibiwa kwa kutemewa? Lakini anakumbuka kwamba mwezi wa pili alimlipa mmoja kama huyu, akamshikia kabisa Hamduni kichwa kisigeuke.

Hapa hakuna wa kumsaidia? anamuuliza yule asiye na uso. Yupo, dirisha lile. Na kweli lipo dirisha, na foleni mbele yake, na ndani yake karani anakula ubuyu na kutema mbegu kwenye mafaili. Sikudhani anasimama kwenye foleni mpaka miguu inavimba. Anafika. Hamjambo? anauliza karani. Hatujambo, anajibu Sikudhani. Kama hamna jambo mmefuata nini hapa? Dirisha linafungwa. Anarudi mwisho wa foleni, anajionya, safari hii usiseme, safari hii useme ukweli, anafika, midomo ya karani imeiva rangi ya ubuyu, na karani anauliza: Hujambo? Na ulimi, huo ulimi mwema wenye adabu, unatangulia: Sijambo. Dirisha. Mara ya tatu anajiziba mdomo kwa mikono miwili, na neno linatokea puani. Hajambo. Dirisha. Na nyuma ya ukuta, mbali kidogo, anasikia mlio wa redio ikitafuta stesheni, na sauti ya mtu anayekauka: Dada, maji.

Anaiacha foleni. Anaifuata sauti kwa kupapasa ukuta, na ukuta wote ni vioo, na kwenye kila kioo kuna mlango wa stoo. Kwenye kioo cha kwanza Hamduni amechuchumaa na redio isiyo na waya hata mmoja, anaikaza skrubu kwa kucha. Kwenye cha pili amekonda. Kwenye cha tatu amelala, na nzi wanatembea juu ya wali. Mfungulie! anamfokea mwanamke wa kanga, wewe ni mtu gani usiye na huruma, humsikii? Ukitaka jibu lifungue mwenyewe, anasema mwanamke, ufunguo anao yule anayeutafuta. Hayo mafumbo yako yamenichosha, ni upuuzi, ni uchafu mtupu! anapiga kelele Sikudhani, anamkamata mabegani, anamgeuza kwenye mwanga. Uso unaanza kuota pale palipoparazwa, macho, pua, kipele cha shavuni. Ni uso wake. Umezibwa pua kwa leso na umetulia kabisa, unatabasamu kama unavyotabasamu mlangoni kila asubuhi, na shingoni pana uzi wa viatu. Hajambo, unasema ule uso. Sikudhani anatapika. Anatapika chuya, anatapika udi, anatapika hajambo moja baada ya nyingine, nyeusi, zinateleza, hazina mwisho, miezi mitano ya hajambo, na katikati ya matapishi anajiona kinyaa kuliko karani, kuliko mtaalamu na unyoya wake, kuliko mtaa mzima na mate yake, kwa sababu wale walicheka tu. Yeye ndiye aliyefunga.

Hodi. Hodi humu ndani.

Mchele umemwagika uani na kuku wawili wanauchagua vizuri kuliko yeye. Jua liko palepale, au limesogea, hajui. Mgongo wake bado uko kwenye mlango, na mlango una joto, na harufu ni ileile. Mbele yake amesimama mwanamke, jua liko nyuma yake, kwa hiyo uso hauonekani, ni weusi tu penye uso. Hii ni fulana au ni kanga? Nilisahau kalamu yangu, inasema sauti, labda ya Bi Leokadia. Dada Siku, mbona umetapika? Humu hamjambo?

Hatu, unaanza ulimi.

Sikudhani anaung'ata. Anaung'ata mpaka anaonja damu, na damu ina chumvi, ingawa ndotoni pia mate yalikuwa na uvuguvugu, kwa hiyo hilo si ushahidi wa kitu. Kama hii ni ile barabara inayorudi ilikotoka, basi sasa dirisha litafungwa. Anangoja lifungwe.

Tuna jambo, anasema.

Hakuna kilichofungwa. Yule mwanamke anavuta kigoda, anakaa, karibu kabisa na matapishi na mlango na harufu, wala hazibi pua. Anauliza: Jambo gani, mwanangu?

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, wala yeye hakuwahi kumpa mtu nafasi ya kuliuliza. Hamduni ana jambo, anasema Sikudhani, na machozi yanamtoka na makamasi juu yake, hayuko Kahama, hajafika Kahama maisha yake yote, yuko humu, ana siku tatu hajala. Anavua uzi shingoni. Anaugeukia mlango, ufunguo unakosa tundu mara mbili. Hajui bado kama ameamka. Uso wa mwanamke bado ni weusi mtupu, na ikiwa atageuka akaukuta umeparazwa, basi iwe hivyo, ila kufuli hili analifungua katika dunia yoyote aliyomo. Linalia, linaachia. Na nyuma ya mlango, kabla hajausukuma, mtu anakohoa, anajivuta sakafuni na kusema kwa sauti ndogo, yenye adabu zote walizofundishwa na mama yao mmoja:

Dada, hujambo?